Wajane wa Dukani kwa Hajati

Hajati alikuwa muuza sanda, na hakutaka mtu alie dukani mwake. Ukiingia unafuta machozi alikuonyesha mlango kwa kidole, ukamalizie nje, kisha urudi. "Kitambaa cheupe hiki," alikuwa akisema. "Kikidondokewa na kamasi nitamuuzia nani?" Wengine walikasirika wakaapa hawatarudi tena. Walirudi. Nyuma ya soko la Jinja hakukuwa na mtu aliyekata sanda kama yeye. Alimtazama mfiwa usoni, akauliza marehemu alikuwa mnene au mwembamba, akavuta kitambaa, akakata, na kikatosha.

Mimi nilikuwa jirani yake, mpiga picha. Asubuhi nilipiga picha za pasipoti na mchana nilirekodi video za mazishi. Waislamu walinunua sanda kwake, Wakristo walinunua kitambaa cha kupambia jeneza, na wote walikuja kwangu baadaye kutaka kujiona walivyohuzunika. Kwa hiyo msiba mmoja ulitulisha sote wawili, na hatukuona aibu kusema hivyo tukiwa peke yetu.

Aliniita Afande. Sijawahi kushika bunduki wala rungu. Baba yangu ndiye aliyekuwa askari magereza, mtu wa kaskazini, na Kiswahili changu nilikiokota kwenye nyumba za askari pamoja na matusi yake yote. Huku kwetu Kiswahili bado kinawakumbusha watu wazima vizuizi vya barabarani, kwa hiyo Hajati alipopaza sauti, "Afande! Njoo hapa!", mteja mbishi alinyooka mgongo na kuacha kubishana. Halafu natokea mimi, na kamera shingoni na kandambili miguuni. Hajati alicheka mpaka akashika meza.

Alizaliwa wapi sijui. Kila nilipomwuliza alinitajia mji mwingine, na siku moja alinitajia mahali ambapo si mji, ni stesheni ya treni tu. Nikaacha kuuliza. Ninachojua ni kwamba aliswali vipindi vyote bila kukosa, na kati ya kipindi na kipindi alisengenya. Alisema hapendi umbea, lakini habari zote za mtaa wetu zilianzia kwenye kigoda chake. Aliwaogopa paka. Alimsema vibaya kila mtu mwenye njaa ya kupita kiasi, kisha akamjazia sahani.

Mumewe tulimwita Haji. Alikuwa na pikapu, akileta vitunguu kutoka Mbale na kurudi na chochote kilichopatikana. Alikuwa na mke mwingine huko Nakaloke, mdogo kwa umri, muuza nyanya, na siku zake alizigawa sawasawa, nusu ya juma Jinja na nusu Nakaloke. Hajati hakuwahi kutaja jina la mwenzake. Alisema "Yule wa Nakaloke", na alilisema kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. Haji akirudi na shati limepigwa pasi vizuri, Hajati alilikunja upya mbele yake, taratibu.

Picha ninayotaka kuisimulia ililetwa na pikapu hiyo. Upande wa Nalufenya kulikuwa na nyumba ya zamani ya mapadri iliyokuwa ikikarabatiwa, na Hajati alitaka mbao za rafu. Haji akanunua mbao kuukuu kwa msimamizi wa ujenzi, Msoga mchangamfu aliyekuja nazo mwenyewe juu ya gari.

"Hajati, hizi mbao ni nzuli kabisa," alisema akishusha. "Za wazungu wale wa kwanza. Mchwa wanaziogopa."

Katikati ya mbao kulikuwa na kitu kikubwa kama kitanda cha mtu mmoja, fremu nene yenye turubai nyeusi ya masizi na vumbi la simenti. Walikuwa wameitumia kufunikia mifuko ya simenti mvua isiilowanishe. Hajati aliitaka fremu tu. Lakini hakuweza kukaa na kitu kichafu, kwa hiyo kabla ya kuivunja alichota maji, akatia sabuni ya unga, akachukua brashi ya viatu, akaanza kusugua kwenye kona.

Nilisikia kelele nikakimbilia kwake na kamera. Nilidhani ni paka.

"Afande! Kuna wanawake humu ndani!"

Walikuwapo kweli. Kwanza mkono, halafu uso, halafu nyuso. Tuliacha brashi, tukaendelea kwa kitambaa chenye unyevu, mpaka wakatokea wote watano wakiwa mbele ya kitu kama pango, wamevaa nguo ndefu, wanalia. Wa kwanza alikuwa na nguo ya buluu, amekaa kimya, macho chini. Wa pili, mwenye kijani, alikuwa ameanguka magotini, mikono juu. Wa tatu nywele zake zilikuwa wazi, zimemwagika mpaka kiunoni. Wa nne alijifunika uso kwa viganja. Wa tano alisimama pembeni kabisa, akitutazama sisi. Mkono wa huyo wa tano ndio uliokutana na brashi ya viatu, na vidole vyake vimekuwa kama uji tangu siku hiyo.

Hajati aliwatazama kwa muda, maji yakimchuruzika viwikoni.

"Wajane," alisema. "Bwana wao amekufa, wanangoja mirathi."

Basi akawapanga hapo hapo. Mwenye buluu ndiye mke mkubwa, halii kwa sababu anafikiria nyumba itakuwa ya nani. Mwenye kijani ni bi mdogo, analia kwa vile anaangaliwa. Mwenye nywele wazi ameamshwa usingizini. Aliyejifunika uso anacheka. Na yule wa pembeni si mke, wake hawazidi wanne, yule ni jirani aliyekuja kutazama kama pilau imeiva.

Fremu haikuvunjwa. Picha ilitundikwa juu ya majora ya kitambaa cheupe, na Hajati akagundua jambo ambalo alilieleza kwa kila aliyeuliza: mfiwa akiingia akiwaona wale, analegea na kuacha kulia. "Anaona kazi imeshafanywa," alisema. Mimi niliona hivyo pia. Watu waliinua macho, wakawahesabu wale wanawake kwa midomo, na pumzi ikarudi.

Ilibaki shida ya sheikh wa msikiti wa jirani. Alikuja kwa upole, akasema sanamu na picha za viumbe hazifai mahali anapoingia Mwislamu kutafuta sanda, tena yule mmoja kichwa wazi. Hajati alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chai, akakubali yote. Sheikh alipoondoka, alikata kipande cha sanda, akapanda juu ya kigoda, akakibana kwa pini kichwani mwa yule mwenye nywele, pini ikapita kwenye turubai. Kesho yake alimwita sheikh aje kuona.

"Amejisitiri," alisema.

Sheikh aliangalia kwa muda mrefu. Mdomo wake ulikuwa ukipigana na kicheko. Mwishoni alisema basi angalau wakati wa swala awageuze ukutani, na Hajati akafanya hivyo kwa miaka. Kila adhana nilisikia fremu ikigonga ukuta, na baada ya swala ikigonga tena.

Halafu akaja padri. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba duka la sanda lina picha kutoka nyumba yao ya zamani. Alikuwa mzee mwembamba, Mgisu wa milimani aliyekuwa amehudumu Jinja maisha yake yote, na alikuja na mhadhiri wa sanaa kutoka Kampala, dada mwenye miwani iliyofungwa kamba. Mhadhiri alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa picha.

"Ni mchoro wa rangi ya mafuta," alisema. "Wa karne ya kumi na tisa. Ulichorwa Ulaya, wamisionari wakaja nao. Hawa ni wanawake waliomlilia Yesu."

"Karne ya kumi na tisa," Hajati alirudia.

"Ndiyo, Hajati."

"Na bado wanalia? Miaka yote hiyo hakuna aliyewapelekea chai?"

Padri alikohoa. Mhadhiri alikuwa amefika kwenye kona. "Hapa nani alisafisha?"

"Mimi."

"Kwa kitu gani?"

"Sabuni ya unga. Na brashi ya viatu, lakini kidogo tu."

Dada wa watu alikaa chini juu ya jora. Halafu akaiona pini, akainuka tena, na padri akaona afadhali aanze kuzungumza yeye.

"Hajati, picha hii ni mali ya kanisa."

"Faza, mliifunikia simenti."

"Fundi alikosea."

"Basi mfuateni fundi. Mimi nilinunua mbao, nikakuta wageni."

Walibishana bila ugomvi, kama watu wanaoonjana. Hajati, kwa kujitapa, akaanza kumweleza padri nani ni nani pale ukutani. Alipofika kwa mwenye buluu na nyumba yake ya mirathi, padri aliinua mkono.

"Huyo ni Mariamu, Hajati. Mama yake Yesu."

Hajati, aliyekuwa amepanda kigoda ili aonyeshe vizuri, alishuka.

"Bi Maryam? Mama yake Nabii Isa?"

"Ndiye."

"Yuko dukani kwangu muda wote huu, na mimi nimekuwa nikimsema..." Hakumaliza. Alivuta mtandio wake mbele, akasema maneno ya toba kwa Kiarabu, chini chini, na hakutania tena siku hiyo. Hakumsema tena mwenye buluu maisha yake yote. Mtu mwingine akijaribu, alimkemea. Lakini asubuhi yake nilipopita kumsalimu nilimkuta anawatazama waliobaki, mikono kiunoni.

"Wamebaki wanne, Afande. Yule jirani nimempandisha cheo, sasa ni mke. Ndoa imekuwa halali."

Padri aliendelea kuja. Kila baada ya miezi alikuja na hoja mpya, akanywa chai, akashindwa, akaenda zake. Nilimwuliza Hajati kwa nini asimpe mzee wa watu picha yake. "Nikimpa," alisema, "atakuja kufanya nini hapa?"

Nataka kusema sasa habari za kifo cha Haji, kwa sababu ndicho kilichofanya watu wamwone Hajati ana roho ngumu, na mimi nilikuwapo.

Haji alifia Nakaloke, katika siku zake za huko. Alikunywa chai, akalalamika kifua, akaondoka. Simu ilimfika Hajati akiwa dukani. Alisema "Sawa", akakata simu, akashusha jora, akakata sanda, akaikunja, akafunga duka. Kisha akanigongea. "Tafuta gari, Afande. Haji amekufa."

Njia nzima mpaka Mbale hakutoa chozi. Alimkosoa dereva kwa jinsi alivyoshika usukani. Alimwuliza kama ana mke na kama mke anajua anaendesha hivyo. Mimi nilikaa nyuma na kifurushi cha sanda, nikikishika kwa mikono miwili kama mtoto.

Nakaloke tulikuta watu wamejaa uani. Yule mke mdogo alipomwona Hajati alipiga yowe, akamkimbilia, akamwangukia miguuni, akamshika magoti. Uwanja mzima ulingoja Hajati naye aanze. Hajati akamtazama kutoka juu, ncha ya sanda ikiburuta vumbini.

"Inuka," alisema. "Unakanyaga kitambaa."

Watu waliguna. Shangazi za Haji walitazamana. Hajati alikwenda kwa wanaume waliokuwa wakiosha maiti, akawapa sanda kupitia pazia, akarudi, akakaa mkekani. Wanawake walipozidisha kilio aliwaambia wapunguze sauti. Aliuliza kama chai ina sukari. Mpaka jioni midomo yote ya Nakaloke ilikuwa inamsema: huyu alikuwa anauza sanda tu, hata mumewe kwake ni mteja.

Mmoja wa waliomvika marehemu alinisogelea baada ya mazishi, akaniuliza kwa siri kama Hajati ni mzima. Sanda ilikuwa imezidi kwa mbali sana. Walilazimika kuikunja miguuni mara kadhaa. Haji alikuwa mtu mfupi. Kila mtu Jinja na Mbale alijua Haji ni mfupi, alikalia mto ili aone nje ya pikapu.

Wakati wa kurudi nilijikaza nikamwambia. Alikuwa anatazama mashamba ya mpunga yakipita dirishani.

"Nilikata ya mtu mrefu?" aliuliza.

"Ndiyo, Hajati."

Alifikiri. "Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda siku zote," alisema. "Yeye amesimama."

Eda alikaa katika chumba cha nyuma ya duka, hatoki, hapokei wanaume. Biashara aliiendesha kwa sauti kupitia pazia, na mimi, Mkristo, mtoto wa askari magereza, nikawa muuza sanda. "Mnene?" alipiga kelele. "Mnene!" nilijibu. "Mnene wa tumbo au wa mwili mzima?" Wateja walinitazama kwa huruma. Kila adhana niliwageuza wajane ukutani kwa niaba yake, na siku moja nilipochelewa nilikemewa kupitia pazia mpaka nikamkumbuka baba yangu.

Baadaye jengo letu liliuzwa, mwenye nyumba mpya akataka kujenga ghorofa, nasi tukafukuzwa kwa heshima. Mimi nilipata chumba barabara ya pili. Hajati alikuwa amechoka. Binti yake, aliyeolewa na mtu wa ofisi huko Mbale, alimchukua akakae nao Nkoma, katika nyumba safi yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa. Mkwe alikuwa kijana mwenye adabu, na kwa adabu hiyo alisema picha haiwezi kukaa sebuleni, wala chumbani, wala stoo.

Hajati hakubishana na mkwe. Alikodi gari dogo la mizigo, akampeleka Bi Maryam na wale wanne mpaka Nakaloke, akamgongea Yule.

Nilisimuliwa na yule mke mdogo mwenyewe. Alisema alifungua mlango akamkuta mke mwenzake amesimama na ukuta mzima wa wanawake wanaolia nyuma yake, akadhani ndoto.

"Una misumari?" Hajati alimwuliza.

"Ninayo."

"Basi nipishe."

Kuanzia hapo kila siku ya soko Hajati alipanda boda kutoka Nkoma kwenda Nakaloke, mtandio unapepea, akimpiga dereva begani apunguze mwendo. Binti akimwuliza anaenda wapi, alijibu anakwenda kuangalia picha yake isije ikaharibiwa na moshi. Nilikwenda huko mara kadhaa, nikiwa na kazi ya harusi Mbale. Niliwakuta wamekaa mkekani chini ya picha, kati yao sinia ya nyanya zilizopondeka ambazo hazikuuzika, wakibishana.

"Mimi sikuanguka hivyo," yule mke mdogo alikuwa akisema, akionyesha mwenye kijani kwa kisu. Alikuwa mwanamke mkubwa, mpole, mwenye mikono ya kazi.

"Ulianguka. Nakaloke nzima iliona."

"Nilipata kizunguzungu. Sikuwa nimekula tangu asubuhi."

"Ulikuwa unaangaliwa."

"Na wewe uko wapi hapo kwenye picha?"

"Mimi ndiye mwenye picha."

Nilipiga picha ile, wakiwa wamefungua midomo wote wawili kwa wakati mmoja. Hakuna aliyetaka nakala.

Padri naye alifuata mpaka huko. Alikuwa amezeeka zaidi, alitembea na mkongojo, na safari hii hakudai kitu. Aliomba aazimwe picha kwa Ijumaa Kuu tu, waumini wake waione, kisha arudishe. Wajane wawili walikwenda jikoni kushauriana. Walirudi na masharti: Hajati atasafiri nayo, atakaa nayo, na kitambaa cha yule mwenye nywele kisiondolewe.

Hivyo ndivyo Hajati alivyohudhuria Ijumaa Kuu kanisani Jinja, mwaka hadi mwaka. Alikaa benchi la nyuma, mtandio mweusi, macho hayabanduki kwenye picha, kwa sababu aliogopa watoto wa kwaya wataiegemea. Akina mama wa Kikristo walimwona wakaguswa sana. Mmoja alimshika mkono, machozi yakimtoka, akamwambia, "Hajati, na wewe umemfikia Bwana." Hajati akamjibu kwa upole, "Bado, dada, nangoja gari la saa kumi." Ibada ilipokwisha alisimama mlangoni akihakikisha fremu haigongi nguzo. Padri alimletea soda mwenyewe. Nilisikia akimwambia, "Hajati, mwaka huu tena umekaa mpaka mwisho." Naye akasema, "Faza, mnaimba vizuri. Ila mna maneno mengi."

Mwaka jana, majuma machache kabla ya Pasaka, picha ilikwenda Jinja mapema kwa sababu mhadhiri yule alitaka kuirekebisha kona. Ikiwa huko, yule mke mdogo aliugua. Presha. Alianguka sokoni kwenye meza yake ya nyanya, na hospitali alifika amekwisha kufa.

Binti wa Hajati ndiye aliyenipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeishiwa.

"Njoo, bwana. Mama analia. Hanyamazi. Tangu mazishi hanyamazi, na sisi hatujui tumfanye nini, hatujawahi kumwona akilia."

Nilipanda taksi asubuhi, nikamkuta Nkoma kwenye makochi ya mkwe. Ni kweli. Alikuwa analia kwa sauti, mdomo wazi, kamasi na yote, kitambaa cha kochi amekivuta amejifutia. Mkwe alikuwa amesimama koridoni na glasi ya maji, amekosa mahali pa kuiweka. Wanawake wawili wa mtaani walikuwa wakimwambia avumilie, kazi ya Mungu, naye akawaambia watoke nje. Walitoka. Mimi nilibaki.

Nilikaa. Nimerekodi mazishi maisha yangu yote, nimesikia kila neno la kumfariji mtu, na yote yalikuwa yamenitoka. Nikasema nililoweza. Nikamwambia padri ametoa pole, na ameuliza picha airudishe wapi, Nakaloke au Nkoma.

"Akae nayo," alisema katikati ya kwikwi. "Nyumba hii ina mliaji wa kutosha."

Nikacheka, ikanitoka tu. Yeye hakucheka. Alinitazama, macho mekundu, madogo.

"Unajua alinifanyia nini yule mwanamke, Afande?"

"Nini, Hajati?"

"Ameondoka." Alipangusa pua. "Sasa nikisema Haji alikuwa anakoroma, nani atasema ndiyo? Nimemwambia binti yangu juzi, baba yako alikuwa anakoroma. Anasema hapana mama, baba hakuwa akikoroma. Watoto wanajua nini? Wao walilala. Tuliokesha ni mimi na yule. Mimi nilisema anakoroma kama lori linapanda mlima, yeye alisema kama lori linashuka. Siku nzima tunabishana. Sasa yuko wapi wa kuniambia linashuka?"

Akaanza tena, na mabega yakatikisika. Kule koridoni glasi iligonga ukuta.

"Mimi nilimsikia," nilisema.

Aliinua kichwa. "Wewe? Wapi?"

"Dukani. Mchana baada ya chakula alilala juu ya majora, na ukuta wetu ulikuwa wa mbao. Kuna siku nilikuwa napiga picha ya pasipoti ya mwalimu mmoja, akaniuliza jirani yangu ana mashine ya kusaga unga?"

Hajati aliacha kulia ili asikie vizuri. Alijisogeza mbele kwenye kochi.

"Alikuwa amelala vipi? Chali?"

"Chali."

"Mwongo. Chali hakuwa akikoroma. Alikoroma akilala ubavu wa kushoto."

"Basi labda ilikuwa ubavu wa kushoto."

Alipiga kochi kwa kiganja, akanikazia macho kama zamani akimkazia mteja.

"Usikubali upesi hivyo," alisema. "Yule hakuwa akikubali. Bisha."

Nikabisha. Nikamwambia alikuwa chali, nilimwona kwa macho yangu nilipokwenda kuomba chenji, mdomo wazi, kofia machoni, na alikoroma kwenda chini, sio kupanda. Hajati alivuta miguu yake midogo akaikunja juu ya kochi la mkwe, akapokea ile glasi ya maji bila kumtazama aliyeileta, akanywa yote, akaanza kunipinga.